Mwalimu Aliyebeba Sauti Mdomoni

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka, na papo hapo uso unaniwaka kwa aibu. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule, nauza duka la vyombo vya muziki pale Kyela mjini. Mwenye duka alikuwa baba yangu mdogo, yaani babu yako, na duka lenyewe ndilo hilohilo ulilokabidhiwa wewe juzijuzi. Wakati ule lilikuwa na vinanda viwili, kikubwa na kidogo, gitaa tatu, ngoma, kayamba, na nyuzi za gitaa zimetundikwa kwenye msumari. Na mimi, muuzaji, nilikuwa na mdomo. Wee! Mdomo ulionitangulia kila nilikokwenda.

Nimepita hapo dukani kwako jana, nikaona karatasi uliyobandika juu ya vinanda: USIGUSE KAMA HUNUNUI. Sikusema kitu. Nimeona nikusimulie kwanza, maana karatasi hiyo mimi niliwahi kuibandika kwa ulimi.

Jumamosi hiyo aliingia mwanamume mrefu, mkimya, ameegesha baiskeli nje. Nilimjua: Mwalimu Ambakisye, mwalimu wa kwaya kule Mwaya. Ilikuwa Jumamosi yake ya tatu au ya nne kuja, na kila akija mambo yalikuwa yaleyale. Anasalimia vizuri kabisa, "Ugonile, binti," anaomba kugusa kinanda kikubwa, anabonyeza kibao kimoja cheupe. Kimoja tu! Anakibonyeza mara tatu, kafumba macho. Halafu anafumba na mdomo, anavuma puani kama nyuki aliyeingia ndani ya debe, na kutoka anatoka. Hanunui hata uzi. Nikimwambia, "Karibu tena Mwalimu, wasalimie nyumbani," hajibu. Ananyanyua mkono, anapanda baiskeli, huyooo.

Wewe ni mtu wa huku, unajua. Kwetu salamu haikatwi. Unaulizwa ulivyolala, watoto walivyolala, migomba inaendeleaje, na unajibu yote hata kama unakimbilia basi. Mtu mzima kuagwa asiitike, tena mwalimu wa kwaya, tena kila wiki! Nilikuwa nikikaa pale kwenye kiti najiuliza: huyu ana nini? Lakini kujiuliza mwenyewe ni kazi ya mvivu, mwanangu. Anayetaka kujua humuuliza mwenye jambo.

Basi siku hiyo walikuwepo kina mama wawili wanachagua kayamba. Mwalimu alipoondoka bila kuitikia, wakacheka. Damu ikanipanda. Nikatoka mbio, nikashika keria ya baiskeli yake. "Mwalimu, hapa ni dukani, vyombo vya watu havichezewi bure! Na leo huondoki mpaka umenijibu!"

Alinitazama. Ule mvumo wa puani ukaendelea kidogo, ukatetereka, ukakatika. Akashusha pumzi.

"Ndaga, binti," akasema, kama anayeshukuru. "Umenimwagia."

Akaondoka, na Jumamosi zilizofuata hakurudi.

Nimemmwagia nini? Hakuwa na ndoo, hakuwa na chupa, hakuwa na hata kikombe cha chai. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni nikamsimulia baba mdogo nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akaniuliza swali moja tu: "Ulimuuliza anachofanya?" Nikasema sikumuuliza. Akasema, "Basi umefukuza usichokijua," akarudi kwenye redio yake.

Mavuno ya mpunga yakaingia. Hapo ndipo duka lile lilipokuwa likipata riziki yake ya mwaka, kwa sababu kwaya zikishavuna zinachanga, na kwaya ikichanga inataka kinanda. Wakaja wa Ngonga. Wakaja wa Bujonde. Wanaingia vizuri, wanazunguka vinanda, halafu mmoja ananiuliza: "Mwalimu Ambakisye amekigusa hiki?" Nasema sijui. Wanatazamana, wanashukuru, wanaondoka. Baadaye nasikia wamekwenda Mbeya, wengine wamevuka mto Songwe mpaka Karonga, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kinanda, na changu kipo hapa mlangoni! Kumbe karibu walimu wote wa kwaya za huko walikuwa wamefundishwa nota na yeye, na wasiofundishwa na yeye walifundishwa na wanafunzi wake. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mguu wangu ulianza kuvimba nikiuona.

Nikaamini Mwalimu ametusema vibaya kijiji kwa kijiji. Baba mdogo naye akanitamkia: mavuno yakiisha hivi, vyombo vinauzwa kwa hasara, chumba kinawekwa mbolea, na mimi narudi Ngonga kuwinga ndege shambani. Mwanangu, sikuwa naogopa jembe. Nilikuwa nalipenda duka lile. Nilipenda kufungua asubuhi nikasikia gitaa zinaguna zenyewe mlango unapogonga ukuta. Wazo la kukuta humo magunia ya mbolea lilinitoa machozi kweli.

Nikaazima baiskeli, nikaenda Mwaya. Nusu ya moyo ilikwenda kugombana, nusu ilikwenda kujua kilichomwagika.

Nilikuta kwaya iko mazoezini kanisani, nikaketi benchi la nyuma kando ya mama mmoja aliyekuwa anapumzika na kikohozi chake. Mwalimu alisimama mbele, akatoa sauti, wakaanza. Ikawa juu mno, wanawake wa sauti ya kwanza wakapiga ukelele kama wamekanyagwa. Akasimamisha, akashusha. Sasa wanaume wa besi wakapotea kabisa, unaona midomo inachezacheza tu. Akasimamisha tena. Nikamnong'oneza yule mama, kuna nini?

Akaniambia Mwalimu alikuwa na filimbi yake ndogo ya kuchukulia sauti, iliyompa do ya kuanzia. Mafuriko yalipoingia nyumba za chini ikaenda na maji. "Tangu hapo akawa anatuletea do kutoka mjini," akasema.

"Anailetaje?"

"Mdomoni! Anaichukua dukani, anaivuma njia nzima mpaka hapa. Sisi Jumamosi hatumsalimii mpaka afike mbele ya kwaya. Hata watoto wakimwona wanafumba midomo." Akakohoa, akanigeukia. "Wewe si umetoka mjini? Unalijua duka lenye msichana mkali? Siku moja alimsemesha kwa nguvu, ikamwagika. Amemkataza kabisa."

Nikasema nalijua. Ningefanyaje?

Fikiria, mwanangu. Saa nzima na zaidi ya baiskeli, jua hilo, matope hayo, watu wanakupigia salamu kila kona, nawe umebana sauti moja puani usiiangushe. Na mimi nilimshika keria kwa sababu hakuniaga! Nilitamani benchi lile linimeze.

Mazoezi yalipoisha nilimfuata, nikapiga magoti, nikasema ni mimi. Akasema anajua ni mimi. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma kuliko matusi. "Ulikuwa na haki ya kuuliza, binti," akasema. "Ila wewe hukuuliza, uliamuru."

Nikajikaza, nikamuuliza kilichonileta: alikuwa ametusema nini huko Ngonga na Bujonde?

"Sijasema lolote," akajibu. "Wananiuliza kuhusu vyombo vyenu, nanyamaza. Nitavisemeaje vyombo nilivyokatazwa kushika?"

Kumbe hakuna aliyetuharibia. Kwaya ilikuwa inangoja neno la mwalimu wake, na neno hilo nililizuia mimi pale mlangoni.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba aje, na baba mdogo akakubali nifunge duka mchana. Nilikuwa na udadisi ulioninyima usingizi: hivi ile sauti hufika Mwaya ikiwa ileile? Mwalimu akabonyeza kibao chake mara tatu, akafumba mdomo, akapanda baiskeli. Mimi nyuma yake, kinanda kile kidogo cha betri nimekifunga kwenye keria kwa kanga. Njia nzima sikufungua kinywa, nawe unajua adhabu hiyo kwangu ni sawa na jela. Tukaingia kanisani, kwaya imesimama, kimya. Nikafungua kanga, nikatafuta kibao kilekile, nikabonyeza.

Sauti ya Mwalimu ilikuwa imeshuka! Si sana, nusu hatua tu, lakini imeshuka. Mwalimu akaganda. Nikasema moyoni, nimemwaibisha mara ya pili, mbele ya watu wake. Kumbe mzee anacheka! Alicheka mpaka akashika mimbari. "Siku zote hizi," akasema, "kumbe nilikuwa namwaga mwenyewe njiani!" Kwaya nzima ikaangua kicheko, na yule mama akakohoa mpaka akaletewa maji.

Nikamwambia kinanda kidogo kibaki pale kwake. Wanaotaka kununua waje wakiguse kwake, wakisikie kikiimbiwa, wamuulize yeye. Naye siku za soko akawa anakuja dukani, tukamwekea kiti. Hapo ndipo nilipojua ujinga wangu ulikuwa wa kina gani. Gitaa mbili kati ya tatu, shingo zilikuwa zimepindishwa na joto la dirishani. Mimi nilizifuta vumbi kila siku na sikuona. Kinanda kikubwa nilichokisifia kwa kila mtu hakikuwa na mahali pa betri, na nilikuwa nakiuza kwa watu wasio na umeme! Akanifundisha uzi upi wa gitaa hukatika kwanza, tuwe nao mwingi. Kabla mavuno hayajaisha wale wa Bujonde walirudi, wakauliza swali lao lilelile. Nikajibu, "Muulizeni mwenyewe, yuko kwenye kiti." Duka halikuwekwa mbolea, ndiyo maana leo una cha kukabidhiwa.

Sasa nisikilize. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Yale yangu yalizoleka kwa sababu Mwalimu alikuwa muungwana na mimi nilikwenda kwake kwa miguu yangu. Usitegemee bahati hiyo mara mbili kwenye duka moja. Jana nilipoona ile karatasi yako niliona pia yule binti anayefundisha watoto kinanda kule Bujonde. Aliisoma akiwa mlangoni, akageuka. Utaniambia siku hizi do iko kwenye simu. Kweli, iko. Lakini simu haitawaambia wazazi wa watoto wale wakanunue wapi, yeye atawaambia. Mfuate anakofundishia. Kaa benchi la nyuma, usikilize wanapokwama, umuulize anahitaji nini, na umwache ashike vyombo vyako mpaka aseme kasoro ya kila kimoja. Mwalimu anayekukosoa dukani anakutetea kijijini. Na mtu akikufanyia jambo usilolielewa, uliza kwa sauti ya anayetaka kujua. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kushika keria ya mtu.

Jumamosi nitakuja. Nataka nikute karatasi imebanduliwa na kiti kimewekwa. Nitabonyeza kibao kimoja cheupe mara tatu, nitafumba mdomo, nitatoka bila kukuaga, nione kama naweza kuifikisha sauti hiyo hata sokoni tu kwa uzee huu. Usinisemeshe!

Kyala akubariki, mwanangu. Akupe masikio mapana kuliko mlango wako, na duka lako lisipungukiwe na watu wa kuja kugusa.