Wa Akili, Upande Huu

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja hapa Lodwar, joto limetuchosha hata kufukuza nzi tumeacha. Kando yangu, kijana mtafiti mwenye tableti ya kujazia majibu alikuwa akimhoji mama muuza samaki aliyemleta mjukuu wake kwa chanjo. Jina la mama lilikuwa kwenye orodha yake ya watu walioanza matibabu ya akili kisha wakapotea.

"Shida ni umbali, mama? Ama dawa zilikulemea?"

"Dawa ilinisaidia, kijana yangu. Nilianza kulala."

"Sasa mbona uliacha kuja?"

Mama akanyoosha kidevu kuelekea dirisha la kadi. "Wa malaria wanaitwa kwa jina. Mimi niliitwa, 'Wa akili, upande huu!' Wateja wangu wawili walikuwa kwa laini. Mpaka leo hawajagusa samaki yangu."

Kijana akatafuta jibu hilo kwenye tableti, asilione. Akabonyeza "Sababu nyingine", akamshukuru mama kwa heshima zote, kisha akasimama na kupaza sauti benchi zima lisikie:

"Haya, wa akili mwingine ni nani?"

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

Ripoti itasema siku hiyo alipatikana mmoja tu. Tulikuwa wawili. Kadi yangu ya matibabu hayo hayo ilikuwa mfukoni, nami nikajifanya nasoma bango la chanjo mpaka kijana alipoondoka. Kisha nikaondoka mimi pia.