Jicho la Kulia la Mama

Mimi sijui kukaa. Mama alikuwa akisema nimefanana na kuku anayetafuta pa kutaga, na baba alipofariki nilimpa sababu ya kulisema hilo kila siku. Nilifunga duka langu pale Malili nikaja nyumbani Ikutha, nikawa nafagia uwanja ambao umeshafagiliwa.

Kwetu hakuna anayekuja matangani mikono mitupu. Watu wa kanisa walileta unga, majani chai na sukari, hadi pakiti za sukari zikajaa chini ya kitanda. Mama alikuwa na kisukari na kila mtu alijua, lakini mgeni utamwachaje anywe chai peke yake? Akanywa na kila aliyekuja. Dawa zake zilibaki kabatini. Alisema si vizuri mjane kumeza vidonge mbele ya waombolezaji, wataona anajihurumia.

Kisha shavu la kulia likavimba. Kliniki ya hapo sokoni ikasema ni jino, ikaling'oa, nasi tukashukuru. Uvimbe ukapanda. Shavu likafa ganzi, pua ikaanza kutoa kitu cheusi, na kope la kulia likashuka likakataa kuinuka. Asubuhi moja mama alipiga mwayo uani, jua likamwingia kinywani, nikaona doa jeusi juu kwenye kaakaa, kama sufuria iliyoungua. Sikumuuliza mtu ruhusa. Nilitafuta gari, nikampigia kaka yangu simu atufuate, tukaenda hospitali kubwa.

Daktari, mama mmoja mpole kiasi cha kuniudhi, alitueleza kwamba ni kuvu. Si ile ya vidole vya miguu. Hii imo kwenye udongo, kwenye samadi, kwenye mahindi yaliyooza. Sote tunaivuta kila siku na haitufanyi kitu. Ila ikikuta mwili ambao sukari imepanda sana, inashamiri. Inaziba mishipa ya damu, nyama inakufa, na kutoka puani inapanda jichoni, kisha ubongoni. Dawa ya dripu ilikuwa imeshaanza, lakini peke yake isingetosha. Ilibidi wakate kila kilichokufa, na jicho la kulia lilikuwa limeshakufa. Alitaka afanye leo, si kesho.

Kaka yangu, mzee wa kanisa, alitaka tungoje Jumapili ushirika wote uombe kwanza. Nilimwambia kuvu haijui Jumapili. Tulibishana kando ya kitanda hadi wagonjwa wengine wakageuka kututazama, nami natembea, dirishani na kurudi, dirishani na kurudi, nikimchukia yeye pamoja na sukari ya Ikutha nzima.

Mama ndiye aliyetunyamazisha.

"Mnapigania jicho yangu na mimi niko hapa," alisema. "Hiyo imelala. Waitoe. Kanisa itaombea hii yenye imebaki."

Kaka alitoka nje akalia. Mimi nilienda kumtafuta daktari, karibu nikikimbia.

Mama alirudi nyumbani na bandeji usoni na kipande cha plastiki kinachoziba tundu kwenye kaakaa, sauti ikimtokea puani. Wageni wakaja kutoa pole, na sukari zao mkononi, kama kawaida. Nilisimama mlangoni nikiwa tayari kugombana. Kaka akanipita, akazipokea pakiti zote, akazipakia kwenye pikipiki yake apeleke kwake, akatangaza kwamba katika nyumba hii chai ni kavu, bila sukari. Mzee wa kanisa akisema, nani atabisha?

Nikaanza kuzunguka nikikusanya vikombe. Nilipopita upande wake wa kulia, mama aligeuza kichwa chote, mkono mmoja ukipapasa hewani.

"Mwiitu wakwa, uko wapi?"

Nilimwambia niko hapa, binti yako niko hapahapa.

"Kaa mahali moja," alisema. "Ukizunguka hivyo nakupoteza."

Nikaweka vikombe chini, nikavuta kigoda hadi upande wake wa kushoto, nikakaa.