Siku Baba Alipokuja Kunitoa Banda Umiza

Kama na wewe ulisoma sekondari ya kata zile za mwanzo mwanzo, zilipokuwa bado zinanuka saruji mbichi na madirisha hayana vioo, vuta kiti. Kama ulisoma shule yenye basi la njano na bwawa la kuogelea, hii haikuhusu, kaendelee na maisha yako.

Sisi wa huku mlimani Meru tulikwenda shule na kidumu cha maji mkono huu, mfuko wa samadi mkono ule, daftari limechomekwa kiunoni. Ukifika sweta limelowa ukungu, na unanuka ng'ombe mpaka kengele ya mwisho. Hakuna wa kukucheka, maana darasa zima linanuka ng'ombe. Mapumziko tunacheza rede mpaka mpira wa soksi unafumuka. Mchana makande, wadudu wa maharage wakiwemo, tukaambiwa nao ni protini. Leo mwambie mtoto wa Njiro, kule mjini kwenye mageti, abebe samadi kwenda shule uone kama hujaitwa ustawi wa jamii.

Maabara tulikuwa nayo, msitudharau. Mlangoni iliandikwa MAABARA kwa rangi nyekundu, ndani kuna majembe, magunia ya mahindi na kuku wa mkuu wa shule aliyekuwa anatagia kwenye sinki. Mwalimu wa Kemia ndiye hatukuwa naye. Somo hilo alipewa Mwalimu Kitomari, mwalimu wa Historia, mtu mwema kabisa ambaye kosa lake lilikuwa kuchelewa kwenye kikao siku wenzake walipogawana vipindi. Alichora chupa ubaoni, juu yake akachora bomba jembamba, akasema, "Fikirieni hii ni chupa ya kweli. Fikirieni asidi inadondoka humu." Tukafikiria. Tulifikiria kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Mimi nilifikiria mpaka nikawa nasinzia.

Lakini mwenzenu nilitaka unesi, na unesi bila Kemia haupatikani. Na Baba, Mzee Anaeli, alikuwa ameshanihukumu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuitwa kila watu wakigombania mpaka wa shamba au mke akirudi kwao. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, si kwa kukosa akili, ila ng'ombe walihitaji mtu wa kuwachunga. "Akunda," aliniambia, "ukifaulu utavaa gauni jeupe. Ukifeli, jembe lako liko Nduruma kwa shangazi yako, ameshalitia mpini." Shangazi alikuwa analima vitunguu. Nilimjua shangazi, na vitunguu vyake nilivijua. Basi mtihani wa majaribio ukaja, nikapata F ya Kemia, na Baba akaibandika ile karatasi ukutani kati ya kalenda ya kanisa na picha yao ya harusi, ili kila mgeni aisome akiwa anakunywa chai.

Ndipo akaja kijana mmoja kutoka chuoni Makumira, kwa mafunzo ya vitendo ya ualimu. Alikaa nasi wiki chache, akaondoka, akatuachia sidii. Ndani yake kulikuwa na video fupi fupi za Kemia, dakika nne, dakika tano, kila moja na jaribio lake. Mwalimu Kitomari aliinua ile sidii juani akaitazama kama mtu anayekagua yai. Shule haikuwa na umeme. Umeme ulikuwa senta, na runinga kubwa kuliko zote pale senta ilikuwa banda umiza.

Wa rika langu sina haja ya kuwaeleza, ila vijana wasije wakauliza: banda umiza lilikuwa chumba cha mabati cha kuonyeshea sinema. Madirishani magunia, mabenchi ya mbao zenye misumari, na sinema za mapigano zinaanza saa nne asubuhi. Kanisani kwetu lilihubiriwa zaidi kuliko Sodoma. Msichana akionekana anatoka mle, posa zake zinafia njiani. Mwalimu akaongea na mwenye banda, naye akatupa Jumamosi asubuhi kabla ya sinema. "Nyumbani semeni mnakwenda masomo ya ziada," akatuambia. Uongo haukuwepo hapo. Mahali tu ndipo hatukupataja.

Jumamosi ya kwanza video ikawaka. Mzungu mwenye glavu anaongea Kiingereza cha puani. Hatukuambulia kitu, na Mwalimu Kitomari naye, nilimwona, alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima tu. Mwenye banda akatuhurumia. "Kwani DJ yuko wapi?" akasema.

DJ Nyundo jina lake halisi lilikuwa Ramadhani, kijana wa mama mmoja wa Kirangi aliyekuwa anauza sambusa pale senta. Kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti na kututafsiria sinema. Hakujua Kichina, hakujua Kihindi, na Kiingereza aliachana nacho kidato cha pili, na hakuna hata siku moja jambo hilo lilipomzuia. Alikuja anatafuna sambusa, akaitazama runinga kidogo, akafuta mafuta kwenye suruali.

"Oyaaa! Mnamwona huyo ndani ya chupa? Kapoa, hana rangi, utadhani maji ya kunywa. Msimwamini! Huyo ndiye Asidi, adui mwenyewe! Ametoboa mashati ya watu, amekula mabati ya wajane! Sasa tazameni juu kwenye bomba. Nani yule? Steringi, shujaa mwenyewe! Anaitwa Besi. Anashuka tone moja. Anashuka tone la pili. Hana haraka, Asidi alimuulia mama yake!"

Jamani! Miaka yote ile ya kufikiria, kumbe tulikuwa tunamsubiri mtu aliyefeli. Mwalimu Kitomari aliinua mkono kupinga habari za mama yake Besi, halafu naye akasahau kuushusha. Tulikuwa tumesimama juu ya mabenchi. Na hapo hapo mlango ukafunguka, mwanga ukajaa banda zima, na mlangoni amesimama Baba. Koti la kanisani, fimbo mkononi. Mmbea gani alikuwa amemfikishia habari, mpaka leo sijui.

"Akunda! Toka humo!"

Nikaona unesi unaondoka, nikaona vitunguu vinakuja. Lakini DJ Nyundo wala hakushusha kipaza sauti. "Shikamoo mzee," akasema, na sauti ikatoka kwenye spika zote mbili. "Ama uingie ama utoke. Unaingiza mwanga, Asidi haonekani."

Hakuna mtu aliyewahi kusema na Baba hivyo. Hata mchungaji. Baba akabaki pale pale, mdomo wazi, na macho yakamponyoka yakaenda kwenye runinga. Wakati huo tone likadondoka na chupa nzima ikageuka pinki. Banda likalipuka. "Damuuu!" DJ akapiga kelele. "Asidi kauawa!"

"Kauawa na nani?" Baba akauliza.

"Na Besi, mzee."

"Sasa huyo Besi yuko wapi?"

DJ Nyundo akaitazama runinga, akatutazama sisi. Mwalimu Kitomari akasimama na kitabu chake, akasoma kwa sauti ya kuomba radhi kwamba, mzee, kwa kweli asidi haipo tena na besi nayo haipo tena, kilichobaki ni maji na chumvi.

Baba akafunga mlango. Akaufunga yeye akiwa ndani.

"Basi hapo hakuna aliyeuawa," akasema. "Hiyo ni suluhu. Huyu ameacha ukali wake na yule ameacha ukali wake, wamebaki na maji na chumvi, vitu vya kupikia. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nawapatanisha watu kila wiki. Na hiyo rangi je?"

"Hiyo ni dawa ya kuonyesha kwamba imetosha, mzee. Usiongeze tone jingine."

"Kumbe!" Baba akacheka, cheko ambalo nyumbani tulilisikia Krismasi tu. "Huyo ndiye mzee wa kanisa." Kisha akamgeukia DJ. "Kijana, rudisha nyuma. Na huyo steringi wako mtoe, anaharibu mambo."

Akaketi benchi la mbele, akakalia msumari, suruali ikachanika, hakuinuka. Jumamosi zote zilizofuata alikuja. Kwa mchungaji alisema anakwenda kulinda maadili ya vijana. Akalinda mpaka sidii ikaisha. Njiani tukirudi, mimi nyuma yeye mbele, alikuwa ananiuliza maswali bila kugeuka, na nikikosea anasimama mpaka nipatie.

Mtihani wa taifa ukaja, na swali likaja. Nusu ya wenzangu walimwua Asidi mchana kweupe. Mimi, kwa Kiingereza changu cha mlimani, niliandika kwamba wawili wanaacha ukali wao, yanabaki maji na chumvi, na rangi ni shahidi. Nikapata C. C ya Kemia kwenye shule yenye kuku maabara! Baba akaibandua ile F, akabandika C mahali pale pale, na mwaka huo kila mgeni alikunywa chai mara mbili.

Gauni jeupe nikalivaa, bado nalivaa. Sasa niko Njiro, nyumba yenye ukuta na geti, na mwanangu Brayani yuko kidato cha kwanza. Video za masomo anazo kwenye simu, za hesabu, za fizikia, kila kitu, dakika mbili mbili, kwa Kiswahili kilichonyooka, na michoro inajichora yenyewe. Nisiwe mchawi, ni nzuri kuliko sidii yetu mara mia. Hakuna mama wa mtu anayeuliwa humo. Lakini bwana mdogo anazitazama amelala kwenye kochi, vidude masikioni, na kaziwekea mbio mara mbili. Namuuliza kwa nini. "Mama, huyu mwalimu anazunguka sana." Dakika mbili! Sisi tulikuwa tunamsubiri Besi adondoke tone moja na banda zima limeacha kupumua. Yeye akielewa anaelewa peke yake, akikosea anakosea peke yake, hakuna wa kupiga kelele wala wa kuuliza kauawa na nani. Jambo hilo linaniuma, na sijui nimlaumu nani.

Baba yuko hapa kwangu. Macho yamemwacha, ana mtoto wa jicho, anasubiri zamu ya upasuaji. Anaona mwanga na kivuli, basi. Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni naonja makande, Brayani amevuta mapazia sebuleni, babu yake yuko pembeni.

"Unatazama nini, mjukuu wangu?"

"Video ya masomo, Babu."

"Ya Kemia?"

Kutoka jikoni, kwenye upenyo wa mlango, niliiona ile simu. Ilikuwa hesabu, pembetatu na vipimo vyake. Brayani akamtazama babu yake, yale macho meupe yaliyoelekezwa kwenye kioo cha simu. "Ndiyo, Babu," akasema.

"Basi zima sauti ya huyo. Nakutafsiria mimi."

Mtoto akatoa kidude cha sikio moja. Akatoa na cha pili. Na baba yangu, mzee wa kanisa, akavuta pumzi. "Oyaaa! Unamwona huyo ndani ya chupa? Kapoa, hana rangi. Usimwamini!"

Hakuacha hata tone. Mashati aliyatoboa, mabati ya wajane yakaliwa. Video iliisha, simu ikazima, Brayani hakuiwasha. Alikuwa ameketi wima, magoti kifuani. "Halafu, Babu? Akamuua?"

Nikazima jiko, nikafungua mlango wa sebuleni taratibu, nikasimama na mwiko mkononi, machozi yananitoka kama mjinga. Baba hakugeuka.

"Ama uingie ama utoke," akasema. "Unaingiza mwanga."