Nilivyomzuia Mama Agnes kupanda kwa kuogopa "mvua ya ndege"

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii si chai, si stori ya kutunga. Ni kosa langu mwenyewe, na leo mawingu yamejikusanya hapa nimeshindwa kutulia.

Enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa ticha mgeni Songea, kwetu Dodoma. Nilipanga Ruhuwiko, karibu na uwanja wa ndege, kwa mjane anaitwa Mama Agnes. Nilikuwa nakula kwake.

Mbolea ilishaachiwa wafanyabiashara, bei haishikiki. Yeye alikuwa na mfuko mmoja wa mbolea na debe la mbegu, basi. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa hapo.

Siku moja ndege ndogo ikazunguka weee juu ya mawingu, ikaondoka. Jioni mvua ya kwanza ikashuka.

Sasa kiherehere changu! Nilishasoma gazetini habari za cloud seeding, kwamba wenzetu wanamwaga kemikali mawinguni mvua inyeshe. Nikawamwagia majirani somo kwamba hata hii imeletwa na ile ndege, najiona profesa.

Mama Agnes akauliza, "Mwalimu, hiyo dawa haiui mahindi?"

Sikujua, wakuu. Gazeti halikusema. Ila ticha wa enzi zile aseme hajui mbele za watu?

Nikajibu, "Inaweza kuharibu udongo. Subiri mvua ya kawaida."

Akamwaga hata maji aliyokinga. Majirani wakapanda, yeye akawa anaangalia juu.

Wiki ya pili nikasikia mjini kwamba ile ndege ilikuwa inaleta mgeni tu, ikashindwa kutua kwa sababu ya mawingu. Nilirudi mbio nimwambie, nikafika mdomo mzito. Nikasema tu, "Mama, sasa panda, hii ni safi."

Mvua ilikatika mahindi yake ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Tulivuna magunzi. Tukala mihogo, na bado alinipakulia mimi kwanza. Ile iliniuma sana.

Msimu uliofuata, mvua ya kwanza, akanigongea mlango, jembe mkononi.

"Mwalimu, hii ni ya Mungu, au tusubiri?"

Nikamwambia sijui. Na ya mwaka jana pia sikujua.

Akaliweka jembe begani. "Ungesema tu, mwanangu." Akaenda shambani.

Mpaka leo wingu likitanda nakosa raha.

Humu naona mnabishana, wengine mvua ya kutengeneza ni sumu, wengine haina shida. Mwenye elimu yake aiweke hapa tusome. Asiye nayo aandike lile neno moja lililonishinda.