Nyuzi Nne Zilizopungua

Joha Athuman alizaliwa Kolo, kwenye vilima vya Kondoa. Alipoingia Dodoma mjini mwaka wa sabini na tisa na cheti chake cha ufundi wa maabara, alidhani atakaa miaka miwili tu, lakini kiwanda cha viatu kilichokuwa kando ya barabara ya Kizota kikamshika. Kilikuwa kiwanda cha umma wakati huo. Maabara ilikuwa na watu watano, kazi yao kupima ngozi, rangi na gundi kabla ya mali kuingia mashineni. Mwaka wa tisini na tatu kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, wanne wakapewa barua za kupunguzwa kazi. Joha akabaki peke yake na meza tatu, kabati la vyombo vya kioo, na kipimajoto cha zebaki alichokiviringisha kwenye kipande cha fulana kila alipomaliza kazi.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wenzake walisema ukimuuliza Joha saa ngapi, ataitazama saa yake mara mbili ndipo akujibu.

Mwaka uliofuata mmiliki mpya alitaka kukata bima ya moto. Watu wa bima wakasema sharti kwanza ifanyike tathmini ya usalama, na katika fomu zao mlikuwa na swali kuhusu kiyeyusho, kile kimiminika chenye harufu kali kinachotiwa kwenye gundi ili iwe laini. Kinachemka kwa nyuzi ngapi? Swali lilikuwa na maana yake. Kinachochemka kwa joto dogo hutoa mvuke upesi, na mvuke huo ndio unaoshika moto, na ndio unaovutwa na watu wanaofanya kazi humo ndani.

Meneja, mzee Abdulrazaki, alikuwa mwenyeji wa mjini, wa ukoo uliofanya biashara Dodoma tangu enzi za misafara. Akamwita Joha ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Joha, karatasi ya muuzaji inasema dawa hii inaitwa tolueni, inachemka kwa nyuzi mia na kumi na nusu. Wewe pima, uandike, uweke sahihi. Wanataka kipimo cha kwetu wenyewe."

Joha alirudi maabara akafungua madirisha yote. Hakutumia moto wa wazi. Aliweka sufuria ya mafuta ya kula juu ya jiko la umeme, akazamisha humo chupa ya kioo yenye kiyeyusho, akatia ndani vipande vidogo vya chungu kilichovunjika ili kisichemke kwa kurukaruka. Kisha akasubiri. Zebaki ilipanda, ikapita mia, ikapunguza mwendo, ikasimama kwenye mia na sita. Haikusogea tena. Akarudia mara ya pili kwa kiyeyusho kingine cha pipa lile lile. Mia na sita.

Mzee Abdulrazaki aliposoma, alivua miwani.

"Zimepungua nyuzi nne na zaidi. Ama tumeuziwa kitu kilichochanganywa, ama kipimajoto chako kimezeeka. Andika mia na kumi na nusu, yaishe."

"Sikuiona hiyo, mzee. Nimeona mia na sita."

"Basi watu wa bima kule Dar es Salaam watatucheka."

Joha alirudi maabara. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyewahi kukitilia shaka kipimo chake, na sasa alianza kukitilia shaka yeye mwenyewe. Wenzake wanne walikwisha kwenda, na barua ya mtu wa tano haikuwa kitu kigumu kuandika. Lakini hakutaka kukisingizia chombo kabla ya kukijaribu. Akachukua maji yaliyokenekwa, yale safi ya maabara yasiyo na chumvi, akayachemsha. Kila mtoto wa shule anajua maji huchemka kwa nyuzi mia. Zebaki ikasimama kwenye tisini na sita na ushee.

Hapo ndipo alipokumbuka shangazi yake wa Tanga, aliyekuja Kolo kwenye harusi akalalamika wiki nzima kwamba maharage ya huko hayaivi. Na mwalimu wao chuoni aliwaeleza sababu: kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, haikigandamizi sana kinachochemka, nacho huchemka mapema. Dodoma si Dar es Salaam. Dodoma iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita elfu moja.

Asubuhi yake alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya hali ya hewa pale uwanja wa ndege. Dada mmoja aitwaye Ritha akamsomea mgandamizo wa hewa wa siku ile, bila hata kumuuliza anautakia nini. Joha akarudi, akapiga hesabu kwenye daftari, akaipiga upya kutoka chini kwenda juu. Mia na sita ya Dodoma, ukiipeleka pwani, inakuwa mia na kumi na nusu.

Mzee Abdulrazaki hakusadiki hesabu, ila alikubali kuja maabara kuyaona maji kwa macho yake. Aliinama mbele ya chupa muda mrefu.

"Kwa hiyo hapa maji yanachemka kabla ya wakati wake."

"Ndio wakati wake wa Dodoma, mzee."

Mzee akatabasamu kidogo. "Haya. Andika ulichokiona, na uandike sababu yake."

Kazi ingeweza kuishia hapo, maana fomu ilidai pipa moja tu. Lakini stoo ilikuwa na mapipa sita. Matatu yalikuja na karatasi zake. Matatu mengine yalinunuliwa baadaye kwa mfanyabiashara mwingine, siku hizo ambapo kila mtu aliweza kuagiza kitu kutoka nje, nayo hayakuwa na chochote ila namba iliyopakwa rangi. Joha akaomba ruhusa ya kuyapima. La kwanza likachemka kwa nyuzi sitini na nne. La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo.

Safari hii hakuna aliyelaumu kipimajoto. Hata ukiongeza nyuzi nne za kimo cha Dodoma, ilikuwa mbali sana na tolueni. Joha alitafuta kwenye kitabu cha zamani cha maabara, akakuta jina: heksani. Hutoa mvuke mwingi hata bila kupashwa moto, na kitabu kikaongeza kwamba anayeuvuta siku nyingi huharibika mishipa ya fahamu, akianzia miguuni.

Alifunga kitabu, akaenda moja kwa moja chumba cha gundi. Generosa, mama wa Kigogo aliyepaka gundi soli kwa miaka saba, alikuwa amekaa kwenye stuli yake.

"Mama Generosa, ile ganzi ya miguu uliyoniambia ilianza lini?"

"Baada ya Pasaka. Juzi kandambili imenivuka njiani, nimetembea hadi nyumbani sijui. Nilidhani ni uzee."

Mapipa yale yalifunguliwa wiki ya Pasaka.

Joha alimweleza meneja bila kupamba. Mzee akauliza ni wanawake wangapi wanafanya kazi chumba kile. Walikuwa tisa. Siku hiyo hiyo mapipa matatu yalitolewa nje, yakawekwa kwenye banda lililo wazi mbali na majengo, mpaka yule mfanyabiashara aliyeyauza alipokuja kuyachukua kwa shingo upande. Meza za gundi zikahamishiwa barazani penye upepo. Bima ilichelewa miezi miwili, na mmiliki alimnunia Joha kwa muda wote huo.

Generosa alikwenda hospitali ya Mvumi, kisha akahamishiwa kazi ya kufunga viatu kwenye maboksi. Kufikia mavuno ya mwaka uliofuata alikuwa akitembea bila kuangalia chini, ingawa vidole viwili vya mguu wa kushoto havikurudiwa na hisia.

Viatu vya mitumba viliujaza mji, kiwanda kikafungwa mwaka wa tisini na nane. Joha alipata kazi ya kuandaa majaribio ya sayansi kwenye sekondari moja ya Kondoa. Wiki ya kwanza ya kila mwaka huwachemshia wanafunzi wapya maji, huwaacha wabishane juu ya nyuzi wanazoziona, na hawaambii kitu mpaka kila mmoja awe ameandika namba yake kwenye daftari.