Kanda ya Pili Ilikuwa Sirisia

Wiki jana nilipeleka redio kwa fundi mmoja mjini Kitale. Mezani pake kulikuwa na mashine kuukuu ya video, imefunguliwa kifuniko, na alipoiwasha kuijaribu, vumbi lililokuwa ndani likapata moto na kutoa harufu. Ninyi mliokua na mashine hizo mnaijua: vumbi la miaka, plastiki iliyopata joto, na kwa mbali harufu ya sarafu iliyoshikwa sana. Fundi akaniuliza kama ninaumwa. Siumwi, nilimwambia. Nilikuwa nimekasirika tu, na walionikasirisha ni wanaume wawili ambao hata hawakuwepo pale.

Wa kwanza ni Baba. Wa pili ni Wafula wa Sirisia, kaka yake Mama. Wabukusu humwita mjomba khocha, nasi tulimwita hivyo hivyo nyumbani kwetu Kiminini, ingawa ukoo wa Baba ulitoka Murang'a na hawana neno hilo. Zamani wawili hao walikuwa marafiki wa chanda na pete. Walifanya kazi katika duka moja la mbegu na mbolea hapo Kitale, na Baba alimwona Mama kwa mara ya kwanza siku aliyokuja kumtembelea kaka yake dukani. Kabla ya harusi walichanga wakanunua kanda mbili za video, tamasha zima la bendi moja ya roki, Wazungu wenye nywele za kufika kiunoni ambao wote wawili waliwapenda tangu shuleni. Baba alichukua kanda ya kwanza, khocha akachukua ya pili.

Mashine ya video ilikuwa kwetu. Kwa hiyo kila siku iliyofuata Krismasi khocha alifika kutoka Sirisia na kanda yake ndani ya koti. Walitazama ile ya kwanza wakiwa wameegemeana mabega, huku Mama akiwauliza wale watu wanalia nini. Kanda ilikatika katikati ya wimbo. Mpiga gitaa ameinua mkono wa kulia juu kabisa, jasho linamtiririka hadi kwenye kiwiko, halafu chenga tupu kwenye televisheni. Hapo tulinawa mikono, tukala chapati, ndipo ya pili ikawekwa. Mimi nikishashiba nililala kwenye mapaja ya Mama. Sikuwahi kuuona ule mkono ukishuka.

Nilipokuwa na miaka saba, bibi yangu wa Sirisia alifariki. Ulikuwa msimu wa kuvuna na mvua ilikuwa imetanda, kwa hiyo Baba alibaki nyuma kuingiza mahindi ghalani, akafika jeneza likiwa tayari linashushwa. Khocha ndiye aliyeshika kipaza sauti. "Mkwe wetu wa Kiminini ako na mahindi mingi kuliko machozi," akasema. Watu walicheka, maana kwetu hata matangani mtu hutaniwa. Baba hakucheka. Aligeuka akaenda zake bila kuonja chakula cha wafiwa, na huko upande wa Mama, mkwe akikataa chakula cha matanga huwa ametukana boma zima.

Basi ikawa hivyo. Krismasi ya kwanza khocha hakuja, wala ya pili, wala ya tatu, wala ya nne. Kila mwaka Baba aliweka kanda yake, akatazama mpaka kwenye ule mkono, kisha akaziacha chenga ziendelee na kutazama nje dirishani. Nilimuuliza tutaona lini iliyobaki. "Iko na mwenyewe," alinijibu.

Likizo moja nilikwenda na Mama Sirisia, nikaamua kuichukua mwenyewe. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mtoto wa dada akifika kwa khocha anaweza kukamata kuku bila kuomba ruhusa. Kanda niliiona juu ya kabati, imefungwa kwa taulo safi, katika nyumba ambayo haikuwa hata na stima. Khocha alinishika mkono kabla sijaifikia.

"Kuku chukua, hata mbili. Hiyo hapana. Baba yako akiitaka, si anajua barabara?"

Nilimfikishia Baba maneno hayo kama yalivyo. Akakuna kidevu. "Na yeye si anajua barabara?"

Nilibeba sentensi hizo huku na huko hadi zikanichosha. Mama alikuwa akisonya tu. "Ati wanaume wazima," alisema, akarudi jikoni.

Nilipofika miaka kumi na moja nilipata dawa yao. Baada ya mavuno tuliruhusiwa kuokota mahindi yaliyobaki shambani, nami niliokota mpaka vidole vikapasuka, nikauza. Tulipokwenda Kitale kununua nguo za Krismasi, niliona dukani tamasha lile lile limetolewa upya kwenye DVD, lote kwa diski moja, tena na nyimbo tatu ambazo hazikuwemo kwenye kanda zile za zamani. Niliificha chini ya godoro mpaka siku ya pili ya Krismasi.

Baada ya chakula cha mchana nilimpa Baba. Aliigeuza mbele na nyuma kwa muda mrefu, nami nikadhani ni furaha.

"Umefanya vizuri, Wanjiru," akasema. "Lakini si tungoje kidogo?"

Kungoja nini tena? Nilikuwa nimengoja miaka minne! Nikaiweka kwenye mashine ya DVD tuliyokuwa tumenunua mwaka ule. Sikujiuliza kwa nini Mama bado alikuwa akipika chapati wakati sote tumeshiba.

Na ule mkono ukashuka. Uligonga nyuzi, wimbo ukaendelea kama nyimbo zote, basi. Hata hivyo nilipiga makofi na kuruka juu ya kochi, na nilipogeuka nilimwona khocha amesimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi, mkono mmoja uko ndani ya koti. Nilimrukia.

"Khocha! Sasa hata usisumbuke kuleta kanda yako. Tuko nayo yote, hata nyimbo zingine kwako haziko!"

Alitazama televisheni, kisha akamtazama Baba.

"Kumbe mmeshaona," akasema.

"Ni mtoto," Baba akajibu. Hakuinuka.

"Si vibaya, bana. Ni vizuri hata."

Hakuketi. Alimwambia Mama kuna mtu anamngoja Kitale. Mama alimfuata hadi barabarani na chapati zilizofungwa kwenye gazeti, akarudi nazo zote. Baba alikaa pale pale mpaka tamasha likaisha, na hata zile nyimbo tatu za ziada akazitazama.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba mimi ndiye niliyewamalizia ugomvi, maana baada ya siku ile hapakuwa tena na kanda ya kugombania. Nilikuwa nimeshaolewa Mama aliponieleza kwamba yeye ndiye aliyemwomba kaka yake aje mwaka ule, na kwamba Baba alijua. Khocha alikubali kwa sharti moja: isemwe kwamba anakuja kuonyesha kanda. Asingeweza kutamka kwamba anakuja kumwona shemeji yake, na Baba asingeweza kutamka kwamba anamngoja.

Wote wawili wangali hai. Kutoka Kiminini hadi Sirisia ni safari ya asubuhi moja, lakini hadi leo kila mmoja hunipigia simu kuniuliza yule mwingine anaendeleaje, na nikimwambia aende akamwone, ananiuliza aende kufanya nini. Hunikera hadi nakata simu. Kisha hukaa nikakumbuka kwamba kulikuwa na jibu moja tu la swali hilo ambalo wote wawili wangelikubali, na siku khocha alipofika nalo mlangoni petu, ndani ya koti, mimi nilimwambia kwa furaha kubwa kwamba hatulihitaji.