Nimesalimu amri kwenye mkeka wa Bibi Mwanahamisi

Leo nimesalimu amri mbele ya bibi kizee, na bibi hakuniachia!

Mnajua nilistaafu mapigano ya ulingoni, yale ya ngumi, mateke na kukabana, kwa sababu ya bega hili. Asubuhi likakaza tena. Mama akanipeleka kwa Bibi Mwanahamisi, mkandaji wetu hapa Pongwe.

Shikamoo, marahaba, haya lala kifudifudi.

Jamani, vidole vya yule bibi! Kapaka mafuta ya nazi, kashika mkono, kaukunja nyuma. Machozi yakanitoka.

Nikapiga mkeka kwa kiganja, pa pa pa. Ulingoni ukipiga hivyo umeshindwa, unaachiwa papo hapo.

Bibi ndo kwanza kazidisha! "Eeeh, mjukuu wangu, ndo hapohapo! Wasikia raha, siyo?"

Nikapiga tena. Kaniwekea goti mgongoni.

Nikamtazama mama, maana yeye alipaswa kuelewa. Video zangu zote nilimtumia, na karibu zote mpinzani anaishia kupiga hivyohivyo, kisha mimi nahojiwa. Kila mara alinijibu, "Nimeona mwanangu, mashallah."

Mama anacheka tu na bibi!

Njiani nikashindwa kujizuia. "Mama, zile video uliziangalia kweli?"

Akajifunga upya mtandio wake.

"Nilizifungua zote, mwanangu. Ila nilikuwa nafumba macho mpaka nikusikie unaongea mwishoni."

Haya, nisaidieni. Hizi hasira niende nazo wapi?